MAHINDI HAYATOI MBELEWELE? TAZAMA TAA YAKO KABLA HUJAMSHUKU BIBI JIRANI

Leo tunaongelea giza. Sio lile la umeme kukatika timu ikiwa inaelekea kufunga bao, hapana. Hili ni giza ambalo mmea unalitaka kama wewe unavyotaka usingizi, na ambalo sisi wenyewe tunaunyima kila usiku bila kujua.

Siku hizi nyumba bila taa ya nje haijakamilika. Mtu akimaliza kupaua tu, kabla hata ya kununua godoro, ameshapachika taa kubwa ukutani. Kuna za umeme, kuna za sola zenye betri yake mgongoni, na zote zinamulika mpaka mbwa wa mtaa wa pili hawalali. Ukiwa huna, masela kijiweni watasema umechacha. Sawa, taa ni usalama na wala hakuna anayebisha. Lakini hebu tuulizane kitu: mwanga ule ukishamulika mlango wako, unakwenda wapi?

Chukua mfano huu. Nimeutunga mwenyewe, ila nina hakika unamjua mtu anayefanana nao. Kuna kijana amepanga vyumba viwili pembeni ya mji, na nyuma kuna kiwanja kidogo. Mvua zilipoanza akapanda mistari minne ya mahindi, mbegu ya asili aliyopewa kijijini, na pembezoni mwa uzio akatia njugu mawe kwa sababu mama yake anazipenda. Mwezi huohuo akanunua taa, akaifunga ukutani ikitazama uzio. Inawaka tangu jua linapozama mpaka alfajiri.

Wiki zikapita. Mahindi ya upande wa mbele wa nyumba yakatoa mbelewele, yakabeba, watoto wakaanza kuyanyemelea kwa ajili ya kuchoma. Yale ya uani, ya karibu na uzio, yakawa marefu, kijani kibichi, yanapendeza kama bango la duka la mbegu. Mbelewele? Hakuna! Njugu mawe nazo majani yamejaa, ukichimba unakuta vitumba vichache vya kuonea huruma. Upande wa pili wa uzio anaishi bibi mmoja peke yake, mjane, macho mekundu. Mnaona maneno yanapokwenda, eeh?

"Mbona ule mstari wa kwa bibi tu ndio haujazaa?" anauliza mmoja. "Na juzi nilimwona amesimama pale usiku," anadakia wa pili. Wa tatu anatikisa kichwa tu, hasemi, na huyo ndiye mbaya kuliko wote.

Jamani, hapa Usukumani maneno kama hayo si soga za kijiweni. Tangu miaka ya 1970 kanda yetu imezika akina bibi wengi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na Magu ilitajwa sana katika habari hizo. Mara nyingi "ushahidi" ulikuwa ni macho mekundu. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa nini? Kwa moshi! Mama amepika miaka 50 kwenye nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni, kwa miti ya pamba, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, halafu leo tunamwambia macho yake yanatisha. Ndiyo maana shirika la hapahapa Magu, MAPERECE, likishirikiana na HelpAge International, lilihimiza pamoja na mambo mengine majiko yasiyotoa moshi mwingi. Jiko likawa kinga ya uhai wa mtu. Mimi nasema kuna kinga nyingine ndogo inayoweza kusaidia: kuijua taa yako inavyofanya kazi.

Mmea unahesabu usiku. Watu wengi wanadhani mimea inatoa maua kwa kushiba jua tu. Jua ni chakula, kweli, lakini mimea mingi ina saa yake ya ndani inayopima urefu wa giza. Ndani ya jani kuna kitu kinaitwa fitokromu. Ichukulie kama swichi. Mwanga, hasa ule mwekundu uliomo ndani ya mwanga wa jua na wa taa nyingi tunazotumia, unaiweka swichi upande wa mchana. Giza linairudisha upande wa usiku polepole. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha bila kukatizwa, jani linapeleka ujumbe kwenye ncha ya mmea: haya, wakati umefika, acha majani, toa maua. Taa ikipenya katikati ya usiku, mmea unadhani kumekucha. Hesabu inavurugika.

Mimea ya namna hiyo wataalamu wanaiita mimea ya siku fupi, ingawa jina linalostahili ni mimea ya usiku mrefu. Mahindi yenye asili ya ukanda wetu wa joto yamo humo, mpunga wa mbegu nyingi za asili umo, mtama umo, soya imo. Njugu mawe zina kituko chake: maua zinaweza kutoa, lakini mbegu nyingi zinataka usiku mrefu ndipo zitunge vitumba. Kwa hiyo unaona majani, unaona maua, unasema mambo safi, kumbe chini ya udongo hakuna kitu.

Na kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Magu tuko karibu sana na Ikweta. Mwaka mzima, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haizidi dakika 20 hivi. Mwenzetu wa Ulaya, usiku wake wa Juni na ule wa Desemba ni vitu viwili tofauti kabisa. Sisi usiku wetu ni uleule wa karibu saa 12, Januari hadi Desemba, na mimea ya asili ya huku imezoea hivyo kizazi hata kizazi. Sasa wewe unakuja na taa, unaupa mmea usiku wa saa sifuri. Unategemea nini?

Wapo watakaosema, mbona mwezi unamulika na mahindi yanazaa? Swali zuri, tena watu wa ziwani ndio wa kulijibu. Muulize mvuvi wa dagaa yeyote pale mwaloni. Mwezi ukiwa mpevu wengi wanapumzisha mitumbwi, kwa sababu taa ya kuvutia dagaa haina nguvu maji yakiwa meupe kwa mbalamwezi. Wanangoja giza. Mvuvi anajua kuwa mwanga wa usiku una vipimo. Kwa mimea ni hivyohivyo: mbalamwezi tunaiona kali kwa sababu macho yetu yamezoea giza, lakini ni hafifu mno, na kwa kawaida haifikii kiwango cha kumdanganya mhindi. Taa iliyo hatua chache kutoka kwenye jani inaweza kuwa na nguvu mara kadhaa, hata mara nyingi zaidi ya mwezi mpevu. Wala hazifanani.

Kama unadhani haya ni maneno yangu ya kujaza gazeti, sikiliza historia kidogo. Mwaka 1912 mtafiti Mfaransa, Julien Tournois, alichapisha alichokiona mjini Paris: mimea ya hopsi ya Kijapani, pamoja na mimea ya jamii ya bangi, ilitoa maua ingali midogo sana ilipopata mwanga kwa saa chache tu kila siku. Baadaye Wamarekani wawili, Garner na Allard, wakahangaika na tumbaku moja iitwayo Maryland Mammoth iliyokuwa inarefuka tu bila kutoa maua kiangazi cha kwao. Wakawa wanaiingiza kwenye kibanda cha giza kila jioni mapema na kuitoa asubuhi. Ikatoa maua! Wakatangaza matokeo yao mwaka 1920. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakagundua kwamba ukiukatiza usiku kwa mwanga wa muda mfupi tu, mmea waliokuwa wakiuchunguza unagoma kutoa maua, hata kama saa nyingine zote za giza zimetimia. Yaani sio jumla ya giza, ni giza lisilokatizwa. Fitokromu yenyewe ilitangazwa mwaka 1959.

Najua kuna mtu aliposikia neno bangi ametabasamu na kusogeza kiti karibu. Rudisha kiti, kaka. Ni kweli mmea ule nao unapima usiku, na huko ambako sheria inaruhusu, kama Canada, wanaoulima ndani ya majengo wanahangaika na kila tundu linalopitisha mwanga. Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuulima, awe mtu shambani au chumbani, na adhabu yake ni ya kuzeekea ndani. Kona hii inashughulika na ugali na njugu. Tuendelee.

Wanaofaidika na ujuzi huu kihalali wako jirani. Wakulima wa maua ya krisanthemu duniani kote wanaufanya kuwa kazi ya kila siku: wakitaka mmea uendelee kutoa majani na vipandikizi, wanauwashia taa usiku wa manane. Wakitaka maua, wanauachia giza au wanavuta pazia zito jeusi juu ya banda. Taa hiyohiyo inayokuharibia wewe, mwenzio inamwingizia mshiko kwa sababu anajua lini awashe na lini azime. Kwa upande wa chakula, Japani na Korea Kusini wamechunguza sana mpunga ulio kando ya taa za barabarani na kuukuta unachelewa kutoa masuke. Huko Ghana, mapema miaka ya 1980, iliandikwa kuhusu taa za barabarani kuvuruga mazao ya pembeni. Kwa hiyo si jambo la Magu peke yake, na hakuna bibi aliyepanda fisi hadi Korea kwenda kuroga mpunga.

Utajuaje kama tatizo ni taa? Kwanza, angalia umbo la tatizo. Mwanga una mipaka. Mimea iliyogoma itafuata duara la taa, na iliyo nyuma ya ukuta, nyuma ya tangi la maji au chini ya kivuli cha mwembe itakuwa imezaa. Ukiona mstari mmoja umegawanyika, nusu iliyo kivulini ina mbelewele na nusu iliyo kwenye mwanga haina, basi kesi imekwisha. Uchawi haufuati kivuli cha ukuta. Pili, nenda kasimame pale penye mmea usiku na gazeti hili mkononi. Ukiweza kusoma ukurasa huu bila tochi, mwanga ni mwingi mno. Chuchumaa mpaka usawa wa majani halafu tazama huku na huku: taa unayoiona kwa macho, na jani nalo linaiona. Tatu, kumbuka mwanga unarukaruka. Taa inaweza kutazama kwingine kabisa, lakini ukuta uliopakwa chokaa au bati jipya likaurudisha wote bustanini.

Lakini tusiwe wepesi wa kusingizia taa kama tulivyokuwa wepesi wa kumsingizia bibi. Mahindi yanaweza kuchelewa kwa ukame, kwa njaa ya mbolea, kwa ugonjwa au kwa sababu mbegu yenyewe ni ya muda mrefu. Mmea wenye njaa unakuwa wa njano na mfupi. Uliodanganywa na taa mara nyingi ni mrefu na kijani kibichi, afya tele, ila hauna habari ya kuzaa. Tena mbegu nyingi za kisasa hazijali sana. Zitachelewa siku chache tu au zisichelewe kabisa. Ukiona majani yana mabaka usiyoyaelewa, mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata. Ndiyo kazi yake.

Dawa yake sasa. Usikimbilie kung'oa taa, maana wezi nao wanasoma gazeti. Anza na kuiinamisha. Taa ya ulinzi kazi yake ni kumulika mlango, dirisha na geti, kwa hiyo iangalie chini. Kisha itengenezee kofia. Kipande cha bati kwa fundi wa mtaani hakizidi uwezo wako, kikunje kifunike juu na pembeni ili mwanga ushuke tu. Hakikisha hakigusi nyaya, na taa isizibwe ikakosa hewa ikaungua. Kama ni ya umeme, kazi ya nyaya mwachie fundi.

Halafu kuna umbali. Ukiusogeza mmea mbali mara 2, mwanga unaoufikia unabaki robo. Mara 3, sehemu 1 kati ya 9. Hatua chache tu zinaleta mabadiliko makubwa. Taa zinazowaka mtu akipita na kuzima zenyewe ni bora kuliko zinazokesha, mradi isiwe inawashwa na kila paka na kila popo. Kama unaweza kuzima, zima unapokwenda kulala. Ila usifanye mchezo wa kuwasha usiku wa manane "kidogo tu" kisha kuzima, maana tumeshasema mwanga mfupi katikati ya giza unatosha kuvuruga hesabu.

Na kama taa haihamishiki, kwa mfano ni ya barabarani au ya baba mwenye nyumba ambaye ukimgusia anakukumbusha kodi, basi badilisha unachopanda pale. Nyanya nyingi, pilipili na bilinganya hazisumbuliwi sana na urefu wa usiku. Mboga za majani kama sukuma wiki na kabichi wewe unataka majani, kwa hiyo hazina shida. Mahindi ya asili, njugu mawe na soya zipeleke upande wenye giza. Mwenye maua ya kwenye kopo barazani, usihangaike kuyafunika khanga ukadhani umemaliza. Khanga inapitisha mwanga. Boksi gumu lisilo na matundu, jioni mpaka asubuhi, ndilo linaloleta giza la kweli. Asubuhi ulitoe, mmea sio kuku anayeatamia.

Ukishainamisha taa, mahindi ambayo bado yanakua yanaweza kuendelea na safari yake ingawa kwa kuchelewa. Yakikosa mvua ya mwisho, ndiyo basi, umepata somo la msimu ujao. Njugu nazo zinaweza kuongeza vitumba kama mvua ipo.

Kuna kazi moja imebaki, na hii haihitaji fundi. Kama umeshatamka neno baya juu ya jirani, hata kwa utani, kalifute mahali ulipolitamkia. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928 na bado ipo kwenye vitabu kama Sura ya 18, inasema kumtaja mtu kwamba ni mchawi, nje ya kupeleka taarifa kwa vyombo vya serikali, ni kosa. Wengi hatujui kwamba anayeweza kupelekwa kituoni ni yule anayesema. Lakini sheria pembeni, fikiria yule bibi. Neno ulilolitupa saa 2 usiku kijiweni linaweza kurudi saa 8 usiku na watu wenye mapanga, na wewe umelala, taa yako inawaka, unadhani uko salama.

Kwa hiyo nenda uzioni asubuhi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, umeamkaje?" Mweleze kwamba taa yako imekuwa ikimulika hata dirisha lake na sasa umeiinamisha. Usishangae akikujibu kwamba hajapata usingizi mzuri tangu ulipoifunga, ndiyo maana usiku anatoka kusimama nje. Kumbe aliyesumbuliwa na jirani ni yeye! Uliza pia jiko analopikia, kama moshi una pa kutokea. Ukiwa na nguvu za kijana, kutoboa dirisha na kujenga jiko la udongo lenye dohani ni kazi ya Jumamosi moja. Mahindi ya upande wa mbele yakikauka, mpelekee debe. Na zile njugu chache, mchemshie na chumvi mle pamoja.

Wiki ijayo tutaongelea wapangaji wanaoanika nguo kwenye kamba ya mwenzao na kudai upepo ndio ulizihamisha. Mpaka hapo, wasalaam. Zimeni taa mlale.